Nani Anamjibu Mwandishi Mtandaoni?

Mwaka 2002 Binyavanga Wainaina, mwandishi mzaliwa wa Nakuru, Kenya, alishinda Tuzo ya Caine ya uandishi wa Afrika kwa "Discovering Home", maandishi ambayo hayakutoka kwenye kitabu wala gazeti la karatasi bali kwenye jarida la intaneti. Tangu hapo ushindi huo umekuwa ukitajwa kama ushahidi kwamba mtandao unaweza kumtoa mwandishi asiyejulikana na kumweka mbele ya dunia. Ni kweli, ila ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba Wainaina alikuwa miongoni mwa waandishi waliopelekeana rasimu mtandaoni, wakasomana na kukosoana. Humo ndimo alimofahamiana na Chimamanda Ngozi Adichie wa Nigeria kabla hawajaonana ana kwa ana, na mwaka huohuo Adichie naye akaingia kwenye orodha fupi ya tuzo ileile. Facebook ilikuwa haijaanzishwa, na hakuna aliyekuwa akihesabu wafuasi. Walikuwapo watu wachache waliosoma kwa makini na kujibu. Mwaka uliofuata, 2003, Wainaina na wenzake wa Nairobi walitoa toleo la kwanza la jarida la Kwani?, na hadithi ya Yvonne Adhiambo Owuor iliyochapwa humo, "Weight of Whispers", ikashinda Caine ya mwaka huo. Yaani waandishi waliokuwa wakijibizana kwa barua pepe na katika vikao vya Nairobi walizaa jarida, na jarida likamtoa mwandishi mwingine.

Naanza na mfano huu kwa sababu ushauri anaopewa mwandishi chipukizi wa Kiswahili leo umekaa upande mmoja mno. Anaambiwa afungue ukurasa, aposti kila siku, atafute wafuasi, kisha vitabu vitajiuza. Hoja yangu ni kwamba faida ya mitandao ya kijamii kwa mwandishi hutoka kwa wale wanaomjibu kwa kazi, na idadi ya wanaomwona huja baadaye sana. Kumjibu kwa kazi ni kumsoma na kumwonyesha sura ilipolegea, kumtungia shairi la kumpinga, kumtafsiri, kumwalika kwenye toleo, kumwunganisha na mhariri. Mwandishi mwenye watu saba wa namna hiyo ana mtandao. Mwenye wafuasi elfu hamsini wanaobonyeza alama ya moyo na kupita ana hadhira, jambo ambalo ni jema, lakini halimfanyi aandike vizuri zaidi, na mara nyingi halimfikishi kwenye kitabu.

Kwa fasihi ya Kiswahili hoja hii si ngeni. Ushairi wetu ulikua kwa kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga akijua kuwa Lamu kuna mtu kama Zahidi Mngumi atakayepokea beti zake na kurudisha nyingine zenye makali yaleyale, na uhasama wa miji ile mwanzoni mwa karne ya 19 umebaki katika mashairi waliyorushiana. Serikali ya kikoloni ilipoanzisha Mambo Leo mwaka 1923 mjini Dar es Salaam, washairi walilichukua gazeti la Idara ya Elimu wakaligeuza uwanja wao: huyu anauliza kwa beti, yule anajibu kutoka wilaya nyingine, wa tatu anaingia kuwapatanisha au kuwachokoza. Walisomana na kujibizana kwa miaka, wengine bila kuonana hata mara moja. Mwaka 1959 ikaundwa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, na miongoni mwa watu wake akatoka Mathias Mnyampala na ngonjera zake, utungo ambao wenyewe ni watu wawili au zaidi wanaojibizana. Hata Shaaban Robert, ambaye tumezoea kumfikiria kama mti uliosimama peke yake, ametuachia barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kuanzia 1931 hadi 1958, ambazo zinamwonyesha mwandishi aliyehitaji mtu wa kumfungulia moyo kuhusu kazi zake na mahangaiko yake ya kuzichapisha.

Malumbano hayo yalikuwa na mambo mawili ambayo tunayasahau tunaposema kwamba Facebook ni Mambo Leo ya leo. La kwanza ni mhariri. Shairi lenye mizani pungufu halikupita, na aliyekataliwa alijua kuwa kuna kipimo, hata kama hakukubaliana nacho. La pili ni hifadhi. Gazeti lilibaki kwenye jalada, na hata kabla ya gazeti walikuwapo watu walioona ni wajibu wao kutunza. Beti za Muyaka zisingetufikia bila Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyezikusanya na kumpa mmisionari W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19. Diwani ya Muyaka ilitoka mwaka 1940, miaka mia moja baada ya mshairi kufariki. Mitandao ya kijamii imeturudishia jibu, na kwa kasi ambayo washairi wa Mambo Leo wasingeweza kuiota. Mhariri na mtunzaji haikuwarudisha, na kwa sababu posti hupita bila wao, tumezoea kuamini kuwa hawahitajiki.

Kasi hiyo si ya kubezwa, na kwa Kiswahili ina thamani ambayo lugha nyingine haziihitaji kwa kiasi hiki. Soko la vitabu vyetu limekatwakatwa na mipaka. Nairobi na Dar es Salaam kila moja ina mtaala wake, wachapishaji wake na orodha yake ya vitabu vya shule. Riwaya ikichapwa upande mmoja huweza kukaa miaka bila kuonekana upande wa pili, na msomaji wa Bukavu, Bujumbura au Maskati ndiyo kabisa, hana duka la kumfikishia. Facebook ilianza kutumika kwa Kiswahili mwaka 2009, na mwaka 2018 Twitter ikaanza kukitambua Kiswahili baada ya watumiaji kuchoka kuona maneno yao yakidhaniwa ni Kiindonesia. Sasa mwalimu wa Kilifi anaweza kumuuliza mwandishi wa Tanga maana ya neno katika riwaya yake na kujibiwa jioni hiyohiyo, na Mswahili wa Lubumbashi anaweza kuingilia kati akasema kwao neno hilo lina maana nyingine. Hakuna taasisi ya Afrika Mashariki iliyowahi kuwakutanisha watu hawa kwa urahisi huo. Mwandishi anayejitenga na uwanja huu kwa kudhani ni upuuzi wa vijana anajinyima wasomaji ambao mchapishaji wake hana njia ya kuwafikia.

Lakini tuangalie mahali ambapo uwanja huu umezaa fasihi nyingi kuliko kwingine kokote: hadithi za mfululizo. Tanzania ilikuwa na mazoea haya kabla ya simu za kisasa. Elvis Musiba na Ben Mtobwa walionyesha tangu miaka ya 1970 na 1980 kuwa riwaya ya upelelezi inaweza kumfikia msomaji bila kupitia darasani. Kisha magazeti ya udaku yakachapa riwaya vipande vipande, na Eric Shigongo akajulikana kwa wasomaji wengi ambao hawajawahi kuingia duka la vitabu. Waliofuata walihamishia mtindo huo Facebook. Mwandishi anatupia sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, anaikata pale mlango unapogongwa usiku wa manane, na chini anaandika "itaendelea". Utamu ukikolea anatangaza kwamba atakayetaka iliyobaki atume pesa kwa M-Pesa au Airtel Money, naye ataingizwa kwenye grupu la WhatsApp au atatumiwa sofkopi. Naheshimu sana biashara hii. Inamlipa mwandishi moja kwa moja, siku hiyohiyo, katika nchi ambazo mrabaha hucheleweshwa hadi mtu akakata tamaa. Pia inawasomesha Kiswahili kirefu watu wengi ambao shule ilishindwa kuwafanya wapende kusoma.

Tatizo limo katika majibu anayoyapata mwandishi huyo. Pitia komenti za hadithi yoyote inayopendwa utakuta "endelea", "leta vitu", "mbona fupi leo", "usitucheleweshe". Ni majibu ya upendo, na yanampa nguvu ya kuandika kesho, lakini hayamwambii kwa nini mhusika aliyekuwa yatima katika sehemu ya tano ameibuka na mama katika ya ishirini, wala kwamba kila mwanamke katika hadithi yake ni malaika au shetani. Msomaji mwenye hamu hana kazi ya kuhariri, na si haki kumdai kazi hiyo. Matokeo yake ni kwamba mwandishi mwenye kipaji anaweza kuandika sehemu mia moja kwa mwaka na mwisho wa mwaka akabaki palepale alipoanza kiufundi, akiwa na wasomaji wengi zaidi. Mashine ya mtandao inamsukuma upande huohuo. Januari 2018 Facebook ilitangaza kuwa itatanguliza posti za marafiki na jamaa na kupunguza za kurasa, na walioweka matumaini yao yote kwenye ukurasa waliona posti zao zikiwafikia watu wachache kuliko jana, bila wao kubadili chochote. Tangu hapo mwenye ukurasa hukimbizana na kile kinachozua komenti nyingi kwa haraka, na ugomvi huzua komenti nyingi kuliko sentensi nzuri.

Hapa atasimama mtu na kunitajia Warsan Shire. Alizaliwa Kenya mwaka 1988 kwa wazazi Wasomali, akakulia London, mashairi yake yakasambaa Tumblr na Twitter mpaka yakaingia katika albamu ya Lemonade ya Beyoncé mwaka 2016. Je, huyo hakufikishwa na wafuasi? Swali ni zuri, lakini tukifuata miaka yake tutaona mpangilio tofauti. Kitabu chake chembamba cha kwanza kilitolewa na flipped eye, mchapishaji mdogo, mwaka 2011. Mwaka 2013 alipata tuzo ya ushairi wa Afrika ya Chuo Kikuu cha Brunel, na mwaka huohuo akateuliwa mshairi kijana wa jiji la London. Dunia ilipomgeukia alikuwa ameshapita mikononi mwa wahariri na majaji kwa miaka mitano, na mashairi yaliyosambaa yalikuwa yameshaiva. Mtandao ulitangaza kazi iliyokomaa. Nakubali kuwa bila mtandao huo angebaki akisomwa na wapenzi wa ushairi tu, na hilo si jambo dogo. Ninachokikataa ni kumchukua yeye kuwa kielelezo cha mtu aliyepanda kwa kuposti pekee.

Mfano ninaoutegemea zaidi ni wa Jalada, kundi la waandishi vijana wa Afrika lililoanzia Nairobi mwaka 2013. Wanachama wake walitawanyika nchi mbalimbali, na kazi yao ya kusomana, kuhaririana na kupanga matoleo ilifanyika zaidi mtandaoni. Machi 2016 walitoa toleo la tafsiri lililobeba hadithi moja fupi ya Ngũgĩ wa Thiong'o aliyoiandika kwa Kikuyu, "Ituĩka rĩa Mũrũngarũ". Siku ya kwanza ilitoka katika lugha zaidi ya thelathini, Kiswahili kikiwemo, na baadaye zikapita mia moja. Hakuna mchapishaji wa Afrika mwenye bajeti ya kufanya hivyo. Ilifanyika kwa sababu mhariri, Moses Kilolo, na wenzake waliandika barua pepe baada ya barua pepe kwa watu wanaozijua lugha zao, na kila aliyekubali alijibu kwa tafsiri. Hebu fikiria kama wangetumia muda huohuo kutangaza kwamba tafsiri za lugha za Kiafrika ni muhimu. Wangepata laiki nyingi, na hadithi hiyo ingebaki katika Kikuyu na Kiingereza.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni kwamba duru ndogo za waandishi hugeuka haraka kuwa genge. Watu walewale husifiana, hupeana nafasi katika mikusanyiko, huteuana kuwa majaji, na kijana wa Kigoma asiyemjua mtu wala asiye na bando la kukaa mtandaoni kutwa hubaki nje akiwatazama. Hatari hiyo ipo na haifai kupuuzwa. Lakini tofauti ya duru na genge inaonekana katika kazi: duru humkosoa mwenzake ndani kabla hajakosolewa nje, na huruhusu mgeni aingie kwa kuonyesha kazi yake. Ukurasa wa wazi unabaki muhimu kwa sababu hiyo, maana ndio mahali ambapo kijana wa Kigoma anaweza kuonekana na mtu atakayemwandikia inboksi kumwambia, "Kaka, hadithi hii ina kitu, nitumie yote niisome." Anayestahili kulaumiwa ni mwandishi mkongwe mwenye jina ambaye hutumia ukurasa wake kupongezwa tu na hajawahi kuandika ujumbe wa namna hiyo kwa mtu yeyote. Na kuna jambo ambalo wanaume huwa hatulitaji vya kutosha: kwa mwandishi mwanamke, uwanja wa wazi mara nyingi huja na matusi, picha asizoziomba na wasomaji wanaodhani mhusika wake ni yeye mwenyewe. Akichagua kujadili rasimu yake katika grupu la watu kumi anaowaamini, anajitafutia hali ya kufanyia kazi ambayo wenzake wa kiume huipata bila kuiomba.

Wengine husema mwandishi hapaswi kuwa huko kabisa, kwamba vitabu vikubwa huandikwa na watu waliojifungia. Mfano wao ni Abdulrazak Gurnah, aliyeandika na kufundisha Uingereza kwa miongo bila kelele mpaka Nobel ya 2021 ikamfuata. Upweke wa kuandika siupingi. Mtu hawezi kuandika riwaya huku simu inalia kila dakika, na anayeona kuwa mtandao unamla saa za kazi ana haki ya kuufunga. Lakini Gurnah huyohuyo ni ushahidi wa upande wangu. Tuzo ilipotangazwa, Mzanzibari huyo hakuwa na riwaya hata moja katika Kiswahili. Riwaya yake Paradise ikawa Peponi mwaka 2022 kwa sababu Ida Hadjivayanis alikaa akaitafsiri na Mkuki na Nyota wakaichapa. Wasomaji wa lugha ya nyumbani kwake walisubiri karibu miaka thelathini wapate mtu wa kumjibu kwa kazi.

Kuhusu wizi wa kazi mtandaoni, malalamiko ni ya kweli. Hadithi hunakiliwa, jina la mwandishi huondolewa, na kesho inasomwa katika grupu lingine kama kazi ya mtu mwingine. Sheria zipo: Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki ya 1999, Kenya ina yake ya 2001, na zote humlinda mtunzi hata kama hajasajili. Kumfuata mwizi mahakamani kwa hadithi inayouzwa kwa bei ya soda ni jambo jingine. Hapa duru ndogo husaidia kwa njia rahisi sana, nayo ni ushahidi. Watu kumi waliosoma rasimu miezi mitatu kabla, yenye tarehe katika simu zao, wanaweza kumuumbua mwizi hadharani, na katika mitandao aibu hufanya kazi haraka kuliko hati ya madai.

Kinachobaki bila ulinzi ni kudumu kwa kazi yenyewe, na hapo sioni mwandishi mmoja mmoja akijiweza. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni Tanzania ziliwataka wenye blogu kulipa jumla ya shilingi milioni 2.1, na waandishi kadhaa wakanyamaza. Januari 2021 Uganda ilifunga Facebook siku chache kabla ya uchaguzi. Mei 2025 watumiaji wa X, iliyokuwa Twitter, nchini Tanzania walikuta haifunguki. Kila mara kuna maandishi yaliyokuwa huko tu. Hata pasipo serikali kuingilia, WhatsApp hufutika na simu iliyoibiwa, akaunti ya Facebook hudukuliwa, na riwaya ya sehemu themanini iliyosomwa na maelfu haina nakala Maktaba Kuu wala chuo kikuu chochote, kwa sababu haikuwahi kuwa kitabu. Mtafiti wa mwaka 2060 atakayetaka kujua Waswahili walisoma nini katika miaka hii atayapata mashairi ya Mambo Leo ya 1935 kwa urahisi kuliko simulizi ya Facebook ya 2015. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka. Maadmini wa magrupu ya simulizi wana mafaili. Pande hizi mbili zimo katika simu zilezile na hazijaandikiana, na gharama ya kuanza ni ujumbe mmoja kutoka taasisi kwenda kwa admini, kumwomba nakala na ruhusa ya waandishi wake.